Wapagazi Nyuma ya Mjusi

Kwa siku tatu mfululizo, katika sebule ya dada yangu hapa Mtama, wapagazi kumi na wawili walipita nyuma ya mjusi, na hakuna nililofanya likawatoa huko.

Nilikuja likizo nikiwa na ahadi moja: kuandaa filamu ya dakika nne, ya michoro mjongeo, itakayooneshwa kwa wanafunzi wa sekondari wa hapa. Mada ni Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya Lindi mjini, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa wanasayansi wa Kijerumani ulisimamia uchimbaji wa zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria. Mmoja wao, Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin tangu mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13. Huyo kila mtoto wa mkoa huu amemsikia. Ndiye “mjusi wa Ujerumani”, na madai ya kumrudisha yamewahi kufika hadi bungeni. Kinachosimuliwa kwa nadra ni namna mifupa ilivyotoka kilimani. Ilifika bandari ya Lindi juu ya vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, katika nchi ambayo Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata vilikuwa vimetoka kuiacha ukiwa. Katika kilele cha kazi hiyo watu karibu 500 waliajiriwa.

Kwa hiyo nilitaka onesho moja lililo wazi: mjusi amesimama katikati, na mbele yake, karibu kabisa na mtazamaji, msururu wa wapagazi unapita na mizigo yake kuelekea pwani. Nilitumia After Effects, programu niliyojifunza ukubwani na kwa hiyo ninaijua nusunusu. Wapagazi wakapita nyuma. Nikawasogeza karibu na kamera. Wakawa wakubwa zaidi, lakini bado nyuma. Nikawasogeza tena, mpaka kila mmoja akawa mrefu kuliko mguu wa mjusi, na bado mguu ule uliwafunika.

Jioni ya siku ya pili mzee mmoja jirani, aliyekuja kusalimia, aliketi akatazama jaribio lile. Akauliza, kwa upole, “Mwalimu, hawa waliobeba mbona hawapiti mbele?”

Nikamjibu, “Ni mfumo tu, mzee. Mfumo unasumbua.”

Ndugu msomaji, kama umewahi kufuata hati, cheti au malipo ya korosho katika ofisi yoyote ya nchi hii, unalijua jibu hilo. Mimi mwenyewe nimeandika mara nyingi dhidi yake. Nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mfumo haujipangi wenyewe, kwamba nyuma ya kila “mfumo umekataa” kuna mtu aliyeamua nani atangulie na nani asubiri. Na sasa nilikuwa nimelitoa kinywani mwangu bila hata kusita, kumpa mzee aliyekuwa ameuliza swali sahihi kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu.

Aliyenitoa aibuni ni mpwa wangu, kijana anayejipatia riziki kwa kuhariri video za harusi. Tatizo hili kwake ni la kila Jumamosi: majina ya maharusi hupotea nyuma ya maua, na mteja halipi mpaka yatokeze. Hakugusa namba zangu. Alibadili kwanza mtazamo, akatutazamisha onesho kutoka juu, kama ndege anavyoitazama barabara. Kutoka huko ilionekana dhahiri kwamba wapagazi walikuwa mbele ya mjusi, tena mbali mbele. “Mjomba, hawa wako mahali pao,” alisema. “Kuna kitu kinawakatia njia. Zima tabaka moja moja.”

Nikazima kilima, hakuna kilichobadilika. Nikazima anga. Nikazima ukanda wa mchanga wenye kombe za bahari, na papo hapo wapagazi wote kumi na wawili wakaruka mbele.

Inafaa kueleza, maana mantiki yake si ngumu. Katika programu hii matabaka hupangwa katika orodha, kama mikeka iliyotandikwa juu ya mingine: wa juu humfunika wa chini. Ukiliwashia tabaka swichi ya kina, orodha huacha kutawala, na kinachoamua ni umbali kutoka kwenye kamera. Lakini tabaka lisilo na kina likikaa katikati ya orodha, huwa ukuta. Programu huchora kwanza kundi zima lililo chini yake, kisha hulichora lenyewe, kisha kundi la juu. Umbali hulinganishwa ndani ya kundi moja tu. Wapagazi wangu walikuwa chini ya ukanda wa mchanga na mjusi alikuwa juu yake; wangeweza kusogezwa hadi kwenye pua ya kamera na bado wangechorwa kwanza na kufunikwa baadaye.

Mchanga ule niliuweka kwa sababu ya usahihi wa kisayansi. Miamba ya Tendaguru, yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, ina matabaka matatu yenye mifupa, na baina yake yamo matabaka ya mchanga wa bahari yenye kombe, kwa kuwa maji yalipanda na kushuka. Lugha yetu hutumia neno hilohilo kwa mwamba, kwa picha na kwa watu. Sitalichezea zaidi ya hapo.

Tiba ilichukua dakika moja: kuupa mchanga kina chake, kuusogeza nyuma na kuukuza ujaze nafasi. Ikabaki hitilafu ndogo. Wapagazi nilikuwa nimewafunga katika kifurushi kimoja ili iwe rahisi kuwasogeza, na kifurushi kilipita kama kadi moja bapa, wote kwa umbali mmoja. Ipo swichi yenye umbo la jua dogo inayoruhusu kila kilichomo kifurushini kubaki na kina chake. Mpwa wangu aliibonyeza, na msururu ukafumuka: huyu karibu, yule mbali kidogo, wawili wakipenya kati ya miguu ya mjusi.

Lakini swali lililonisumbua usiku ule lilikuwa jingine. Nani aliwaweka chini ya orodha? Nilirudi nyuma kukumbuka. Nilianza na mjusi, kwa kuwa picha zake zimejaa kila mahali. Nikafuata na mchanga, kisha kilima. Wapagazi niliwachora mwisho na kuwaburuta chini kabisa, palipokuwa na nafasi. Orodha ile ilikuwa kumbukumbu kamili ya mpangilio wa mawazo yangu, mimi mwenye shahada ya uzamivu, mzaliwa wa mkoa huu.

Majina yapo. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wafanyakazi na mtayarishaji wa mifupa. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 mwingine aliitwa Wamweracaudia keranjei, jina linalobeba Wamwera pamoja na Mohammadi Keranje, aliyeongoza uchimbaji wa mabaki yake. Majina haya nilikutana nayo kwanza katika maandishi ya wageni, nikiwa tayari ninafundisha. Sasa yanaonekana kwenye filamu, kila moja likiwa na kina chake.

Mzee alirudi siku ya tatu. Nilimwambia kwanza kwamba kosa halikuwa la mfumo, lilikuwa langu. Akaitikia kwa kichwa, akatazama mara mbili bila kusema neno, huku akihesabu kwa vidole.

“Kumi na wawili,” alisema. “Na maji ya kunywa njiani, alibeba nani?”

Mpwa wangu alikuwa tayari amefungua tabaka jipya.