Binti akisema anataka kusomea kuchora

Ugomvi wa nyumba moja ya Kiseke, wilayani Ilemela, ulianzia kwenye pakiti ya unga wa ngano. Mama wa nyumba hiyo hukaanga maandazi ya kuuza asubuhi, hivyo pakiti tupu hazikosekani. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, alikuwa akizichana taratibu, anazinyoosha chini ya godoro, kisha anachora upande wa ndani. Alichora kina mama wa Mwaloni Kirumba wakipima dagaa, nyumba zilizojengwa juu ya mawe ya mlimani, bibi yake akisuka mkeka.

Baba, fundi seremala, hakuwa na shida na michoro. Shida ilikuja jioni moja alipomuuliza anataka kwenda kusomea nini.

"Baba, nataka kusomea sanaa. Kuchora."

Baba akaacha kula. "Mwanangu, wachoraji nimewaona. Wanakaa barabarani na picha zao mpaka vumbi linazibadilisha rangi. Nenda uuguzi. Hospitali haifungwi."

Binti hakujibu. Akanawisha watu mikono, akatoa vyombo. Kwa siku nne baina yao ilibaki "shikamoo" na "marahaba" tu. Siku ya tano mama aliona pakiti za unga zimerundikana jikoni, hakuna aliyezigusa. Hapo ndipo alipoogopa. Mtoto anayebishana bado ana hamu na jambo lake. Aliyenyamaza huenda amelizika.

Mama alimwelewa mumewe. Mtu aliyelea watoto watatu kwa randa na msumeno hana haja ya kufundishwa kuhusu njaa. Lakini usiku ule alikaa kitandani kwa binti yake akamwambia, "Nionyeshe hao wachoraji unaowasema. Wanawake. Waliofika mahali."

Binti akafungua simu, akaanza na mzaliwa wa Zanzibar.

Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954. Alikuwa na umri wa miezi minne tu baba yake alipofariki kwa malaria, na mama yake akarudi naye Uingereza. Mama huyo alikuwa mbunifu wa vitambaa, na mtoto alikua akiangalia nguo, rangi na michoro yake. Ndiyo maana hata leo kanga za pwani yetu zinaonekana katika kazi zake.

Himid alipokuwa kijana, kumbi kubwa za London hazikuwa na nafasi kwa wanawake kama yeye. Badala ya kukaa akisubiri barua ya mwaliko, alianza kuwatafuta wenzake. Mwaka 1983 aliandaa maonyesho ya wanawake watano katika Africa Centre. Mwaka 1985 akawakusanya wanawake kumi na mmoja, yeye akiwa mmoja wao, katika Taasisi ya Sanaa za Kisasa, ICA, hapo hapo London. Maonyesho yaliitwa The Thin Black Line, yaani mstari mwembamba mweusi. Kulikuwa na wenye asili ya Afrika, ya Karibi na ya Asia. Sutapa Biswas alizaliwa India akaletwa Uingereza akiwa mdogo. Chila Kumari Burman alizaliwa karibu na Liverpool kwa wazazi wenye asili ya Punjab, na baba yake aliwahi kuuza aiskrimu kwa gari mitaani.

"Wakapewa ukumbi?" mama aliuliza.

"Walipewa korido, mama. Njia ya kupita watu."

Mama alicheka kidogo. Anaijua korido. Yeye mwenyewe huuza maandazi ukingoni mwa njia.

Lakini wale wa korido hawakuishia pale. Mwaka 2017 Himid alishinda tuzo ya Turner, moja ya tuzo kubwa za sanaa nchini Uingereza, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka 2020 Burman alizifunika kuta za nje za jumba la Tate Britain kwa taa za rangi, zikawashwa wakati wa sikukuu ya Diwali. Mwaka 2022 Sonia Boyce alipata Simba wa Dhahabu kule Venice, na Veronica Ryan akashinda Turner. Wote hao walikuwa kwenye korido ile. Na mwaka 2025, miaka 40 baadaye, ICA iliwaonyesha tena wote kumi na mmoja.

Kesho yake jioni mama aliyapeleka hayo kwa mumewe. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama anavyouliza mteja: "Hiyo tuzo ni shilingi ngapi?"

"Pauni 25,000."

"Na alikuwa na umri gani?"

"Miaka 63."

"Sitini na tatu!" Baba akasonya. "Kwa hiyo huko nyuma kote alikuwa anakula nini?"

Ni swali la haki, na wazazi wengi huliuliza wakaambiwa hawana maono. Mama hakulikwepa. Alirudi kwa binti, na binti akaenda kulitafutia jibu. Himid alikuwa akifundisha; alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire, mjini Preston. Mshahara ulikuwapo, na sanaa ikaendelea.

Binti akapata na mfano wa karibu zaidi, hapa hapa Afrika Mashariki. Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928, alisoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, akiwa mwanamke wa kwanza katika shule ile. Baada ya hapo alifundisha shule kwa miaka mingi. Alipostaafu, binti yake ndiye aliyemsukuma arudi kwenye sanaa, akaenda kufanya kazi Paa ya Paa, jumba la sanaa la Nairobi ambalo Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Rangi zilikuwa ghali, kwa hiyo Karuga akachukua karatasi za sabuni na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo, akavibandika mpaka vikawa kuku, twiga na watu. Mwaka 1990 kazi hizo zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York, na katika kundi lile la wasanii wa Afrika mwanamke alikuwa yeye peke yake.

"Pakiti za unga?" baba aliuliza.

"Za unga, baba."

Alinyamaza. Kisha binti akamwonyesha picha moja zaidi. Ni kazi ya Himid ya mwaka 2004, Naming the Money: sanamu 100 bapa za mbao, kila moja na kimo cha mtu mzima, zimepakwa rangi na kusimamishwa ukumbini. Ni Waafrika waliofanywa watumwa katika majumba ya wafalme wa Ulaya, na kila mmoja ana kazi yake na jina lake la asili. Kuna washona viatu, wafinyanzi, wapiga ngoma.

Fundi aliichukua simu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili. Alitazama muda mrefu. Alichouliza hakikuhusu pesa. "Hizi zinasimamaje? Lazima nyuma kuna mguu."

Pale ndipo mazungumzo ya baba na mwana yalipoanza upya. Walizungumza unene wa mbao, namna ya kukata mviringo wa bega bila kupasua ukingo, na rangi gani hushika bila kupaka msasa mara mbili. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Siku iliyofuata walikubaliana: katika machaguo yake binti ataweka ualimu mbele, na atatafuta mahali anapoweza kusoma sanaa pamoja nao. Uuguzi haumo. Baba alikubali hilo kwa shingo upande, na hadi leo hulirudia akichoka.

Mama aliongeza sharti lake. Binti asichore peke yake. Alikuwa ameona kwamba katika habari zote zile hakuna aliyefika mbali kwa kujifungia chumbani. Himid alikuwa na wenzake kumi, na Karuga alikuwa na mwanaye na Paa ya Paa. Kwa hiyo Jumapili mchana huja rafiki mmoja anayedarizi vitambaa vya meza, na mwingine wa Nyasaka anayechora hina. Bibi naye huleta mkeka wake, akasuka huku akiwakosoa wote.

Mzazi mwenye mtoto wa aina hii hahitaji kujua sanaa. Anahitaji kuuliza swali la chakula bila kejeli, na kumwachia mtoto nafasi ya kulitafutia jibu. Anahitaji pia kumtafutia wenzake, maana kipaji kikiwa peke yake huchoka mapema.

Matokeo bado hayajatoka. Karakana ina ukuta mmoja unaotazama barabara, na baba ameondoa vitanda alivyokuwa ameviegemeza pale. Hakusema ni kwa ajili ya nini. Amepigilia misumari mitano, iliyo sawasawa, kwa kipimo cha fundi.