Kuvua Gwanda na Kubaki na Ujuzi

Jeshini, shehena haina bei. Ina uzito, ina vipimo, ina daraja la hatari, ina saa ya kuondoka na ina mtu anayeisubiri. Askari anayeipakia ndegeni haulizwi kila kilo imegharimu kiasi gani. Anaulizwa kama mzigo umefungwa sawasawa na kama ndege itaruka kwa wakati. Uraiani mambo hugeuka: bei hutangulia, mengine hufuata. Makala hii inawahusu watu wanaovuka kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili. Inahusu pia jambo ambalo sisi wasomi, watumishi wa umma na wanaharakati hulizungumza kwa nadra, nalo ni kwamba ujuzi usio na jina kwenye karatasi huhesabiwa kana kwamba haupo.

Nimelijua jambo hili kwa karibu kupitia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Alikwenda Marekani kwa bahati nasibu ya viza, akapata ukaazi wa kudumu, kisha akajiunga na Jeshi la Anga la nchi hiyo, kwani sheria ya kule humruhusu mkaazi wa kudumu kuandikishwa hata kabla hajawa raia. Alitumikia miaka minane, sehemu kubwa katika kituo cha Dover, jimbo la Delaware, kwenye kile wanachokiita bandari ya anga. Ndiyo idara inayopokea mizigo na abiria wa jeshi, kuipima, kuipanga, kuifunga na kuipakia kwenye ndege kubwa za C-17 na C-5.

Alipokaribia kuvua gwanda aliniandikia: “Shikamoo kaka. Wewe ndiye mwalimu, naomba unitazamie wasifu wangu wa kuombea kazi.” Waraka alioutuma ulikuwa na ukurasa mmoja na nusu, umejaa vifupisho, namba za fomu, namba za fani na majina ya kozi yasiyo na maana kwa mtu wa nje. Kampuni moja ya usafirishaji ilikuwa imekwisha kumjibu kwamba hana uzoefu unaotakiwa, ila anaweza kuomba kazi ya kupakua mizigo zamu ya usiku. Miaka minane ya kazi ilikuwa imesomwa na mtu fulani ofisini, na mtu huyo hakuona chochote ndani yake.

Tulizungumza kwa simu majuma kadhaa. Nilimhoji kama ninavyomhoji mwanafunzi anayetetea tasnifu yake: ulifanya nini hasa, kwa kipimo gani, na usingefanya nini kingetokea? Jibu lake la mwanzo lilikuwa fupi: “Nilikuwa napakia mizigo tu, kaka.” Nililishikilia hilo neno “tu”. Kiswahili kina maneno machache yenye uwezo mkubwa wa kumpunguza mtu kuliko hilo. Mama lishe anapika tu, dereva anaendesha tu, mwalimu wa shule ya msingi anafundisha tu.

Ndani ya “tu” ya mdogo wangu mlikuwa na mengi. Mzigo wa jeshi la Marekani husafirishwa juu ya paleti ya alumini iitwayo 463L, yenye upana wa inchi 88 na urefu wa inchi 108, yaani takribani mita 2.24 kwa 2.74. Pembezoni ina pete 22 za kufungia nyavu na minyororo, na hubeba hadi pauni 10,000, sawa na kilo 4,500 hivi. C-17 hupokea paleti 18 na C-5 hupokea 36. Mpangaji wa shehena hana budi kujua kila paleti ina uzito gani na itakaa wapi, kwa kuwa ndege ni kama mizani: mzigo ukizidi nyuma, pua huinuka, na rubani huweza kukosa namna ya kuirudisha. Hana budi kujua kemikali ipi haikai karibu na ipi, betri zipi zinaweza kuwaka, na minyororo mingapi inatosha kulizuia gari la tani kadhaa lisisogee ndege inapoinuka kutoka ardhini.

Kazi yetu ikawa kutafsiri. Pale alipoandika namba ya fomu, tuliandika kwamba alitayarisha hati za mizigo ya kimataifa. Pale palipokuwa na jina la kozi ya kijeshi, tuliandika kwamba alifundishwa kukokotoa uzito na urari wa ndege. Cheo cha sajenti tulikieleza kwa kazi iliyokuwa ndani yake: kusimamia zamu, kugawa majukumu, kufundisha wapya na kuwajibika kwa usalama wao. Hatukuongeza hata chembe ya sifa. Tulihamisha maana kutoka lugha moja kwenda nyingine, kama afanyavyo mfasiri mwaminifu.

Kulikuwa na kazi moja ambayo hakutaka iandikwe. Dover ndipo inapopokelewa miili ya wanajeshi wa Marekani wanaofia vitani ng’ambo. Masanduku ya alumini yaliyofunikwa bendera hushushwa ndegeni mbele ya familia zao, na yeye alikuwa miongoni mwa waliowahi kuendesha mtambo wa kuyashushia. Nilimwambia kuwa jambo hilo linaonyesha umakini usio wa kawaida. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Hapana kaka, hilo si la kuombea kazi.” Tuliliacha nje, na naamini aliamua vema.

Hata hivyo, nisingependa msomaji adhani kwamba tatizo zima ni la maneno. Yapo ambayo hayatafsiriki, na askari anayevuka ni lazima ayajifunze upya. La kwanza ni sheria za mizigo hatarishi. Jeshi la Marekani lina mwongozo wake, wakati mashirika ya ndege za kiraia hufuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, IATA, ambazo mafunzo yake hurudiwa kila baada ya miezi 24. Cheti cha upande mmoja hakifungui mlango wa upande wa pili, hata kama kemikali ni ileile na hatari ni ileile. La pili ni forodha: ushuru, ankara, hati ya umiliki wa mzigo, bima. Askari anayesafirisha mali ya serikali yake hukutana na mambo hayo kwa uchache. La tatu, na kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote, ni gharama. Jeshini ndege inaweza kuruka nusu tupu kwa sababu kamanda ameamuru. Katika biashara, nafasi tupu ni hasara, na meneja huulizwa kwa nini mzigo umekwenda kwa ndege ilhali ungeweza kusubiri meli.

Lakini msingi wa kazi ni mmoja, na paleti zenyewe ni mashahidi. Ipo paleti maarufu ya ndege za shehena za kiraia yenye vipimo vya inchi 88 kwa 125. Ile ya jeshi ni 88 kwa 108. Upande mmoja ni sawa kabisa, upande mwingine umetofautiana kwa inchi 17. Ndivyo ulivyo na umbali kati ya askari huyu na ajira ya kiraia: sehemu kubwa anayo tayari, na kilichobaki kinapimika na kinafundishika.

Kwa nini jambo hili liwahusu wengine wasio ndugu zake? Tarehe 29 Aprili 2013, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747-400 ya kampuni ya kiraia ya National Airlines iliondoka Bagram, Afghanistan, kuelekea Dubai. Ilikuwa imebeba magari matano ya kivita, yakiwemo yenye uzito wa tani 18. Mara tu baada ya kupaa ilianguka, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilibaini kwamba shehena haikufungwa ipasavyo, ikasogea nyuma na kuharibu mifumo ya kuiongoza ndege. Bodi hiyo iliulaumu utaratibu duni wa kampuni wa kufunga mizigo ya aina hiyo, pamoja na usimamizi hafifu wa mamlaka ya anga. Tena ilipendekeza pawepo utaratibu wa kuwathibitisha rasmi watu wanaosimamia upakiaji wa mizigo maalumu, kwani rubani na fundi walikuwa na leseni zao, lakini mpakiaji hakuwa nayo. Watu saba walilipa gharama ya jamii kuitazama kazi kama “kupakia tu”.

Marekani, pamoja na kasoro zake, imejenga madaraja kadhaa kwa wanaovua gwanda. Sheria ya mwaka 1944 ijulikanayo kama GI Bill iliwalipia ada ya masomo askari waliorejea kutoka Vita Kuu ya Pili, na mpango huo umehuishwa mara kadhaa tangu hapo. Mwaka 1972 Jeshi la Anga lilianzisha chuo chake cha jamii, ambacho huyahesabu mafunzo ya kijeshi kama sehemu ya masomo ya shahada ndogo ya miaka miwili. Mdogo wangu aligundua kwamba amepungukiwa na masomo machache tu ya jumla, likiwemo la uandishi, ili kuikamilisha. Upo pia mpango wa SkillBridge, ambapo askari anaweza kutumia hadi siku 180 za mwisho za utumishi akijifunza kazi katika kampuni ya kiraia huku jeshi likiendelea kumlipa mshahara.

Madaraja haya hayakujengwa kwa huruma. Dola inayowaita vijana vitani na kisha kuwaacha mitaani hukosa vijana wa kuwaita mara nyingine, na askari waliotoka jeshini ni wapigakura waliojipanga. Hayo ni masuala ya siasa, na wanaharakati wetu wangefanya vema kuyasoma kwa jicho hilo. Mdogo wangu aliingia kwenye kampuni ya uwakala wa mizigo kwa njia ya SkillBridge, akafanya mtihani wa mizigo hatarishi wa kiraia, na leo anasimamia upangaji wa shehena. Yule aliyekadiriwa kufaa zamu ya usiku ya kupakua mizigo sasa ndiye anayeamua mzigo upi upande ndege ipi.

Siku moja aliniuliza swali ambalo halijaniacha: “Kaka, nikirudi nyumbani, ujuzi huu nitampelekea nani aupime?”

Nyumbani hatuna uhaba wa historia katika jambo hili. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, na mara baada ya hapo tulikuwa tukijenga kikosi cha anga kwa msaada wa Kanada, kwa ndege za usafirishaji kama Otter na Caribou. Tangu wakati huo wapo Watanzania waliojifunza kupakia, kupima na kufunga mizigo ndani ya ndege za jeshi lao. Kwa upande wa kiraia, mwezi Juni 2023 nchi ilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767-300F, yenye uwezo wa kubeba tani 54, kwa ajili ya Air Tanzania. Maua, minofu ya samaki na parachichi zinahitaji watu wanaojua kwamba kuchelewa kwa saa tatu kwenye jua la uwanjani ni sawa na kuutupa mzigo. Wenye ujuzi wapo, na uhitaji upo. Kilicho dhaifu ni daraja la kati.

Hatuanzi na mikono mitupu. VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti bila kurudishwa darasani kuanza upya. Tumeusikia zaidi kwa waashi, maseremala, mafundi magari na wapishi. Hakuna sababu ya kitaaluma inayozuia kanuni hiyo kufika kwenye upakiaji wa ndege, usimamizi wa maghala na upangaji wa safari za mizigo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo pale Mabibo, na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi ipo kisheria. Jeshi, chuo, bodi na waajiri wakiketi meza moja, wanaweza kuandaa jedwali linaloonyesha mafunzo gani ya kijeshi yanalingana na sehemu gani ya mtaala wa kiraia, na ni kipi kinapungua. Hilo halihitaji kuvujisha siri za ulinzi. Namna ya kukokotoa urari wa ndege haijawahi kuwa siri ya nchi yoyote.

Kwenu watumishi wa umma mnaoandika matangazo ya kazi: sharti la kwanza linapokuwa cheti, ongezeni mstari mmoja unaosema “au ujuzi uliothibitishwa unaolingana nacho”, kisha mjenge utaratibu wa kuuthibitisha. Kwenu wanaharakati: haki ya mfanyakazi haianzi siku anapoajiriwa, huanzia kwenye haki ya kazi yake ya zamani kutambuliwa. Nanyi wanafunzi wangu, ambao wengi wenu mtakuwa mabosi wa watu waliowazidi umri na uzoefu, siku mtakapoletewa wasifu msiouelewa, msiutupe kabla hamjamwita mwenyewe na kumuuliza alichokuwa akifanya. Akijibu kwamba alikuwa anapakia mizigo tu, mvutieni kiti aketi, kisha mwombeni aeleze upya, taratibu, bila hilo “tu”.