Mtunzi na Kosa Lake

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, nyimbo, mavazi na vyakula peke yake. Hukaa pia katika namna watu wanavyofanya kazi, na hasa katika namna wanavyoyapokea makosa ya kazi zao. Jambo hili la pili halitazamwi sana, kwa kuwa kosa halichezwi uwanjani wala halionyeshwi kwa wageni. Lakini ukitaka kujua taifa limefika wapi, ingia katika ofisi ambamo kosa limetendeka, ukae kimya, usikilize ni nani atakayetajwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza kosa letu wenyewe, kisha tueleze habari za mtu mmoja wa mbali, mtunzi wa programu za kompyuta, ambaye maoni yake juu ya ufundi, siasa na dini yametusaidia kulielewa kosa hilo.

Mwaka 2001 tulikuwa karani katika ofisi moja ya serikali iliyotunza kumbukumbu za watumishi. Kompyuta zilikuwa bado ngeni kwetu. Mwaka 1974 serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini, na ingawa baadaye zuio lililegezwa, wengi wa rika letu walizigusa kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima wenye watoto. Basi tuliipokea kompyuta kama mgeni mwenye cheo. Ilifunikwa kitambaa jioni, ilipewa chumba chenye feni, na aliyeingia chumbani humo alivua viatu mlangoni. Neno lililotoka katika mashine hiyo halikuwa na rufaa.

Siku moja alifika mwalimu mstaafu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaeleza shida yake kwa maneno machache. Karatasi yetu ilisema ametumikia miaka 25, naye alikuwa amefundisha miaka 34. Miaka 9 ilikuwa imepotea, na pamoja nayo sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Tulitazama kwenye kioo cha mashine, tukamjibu, "Mzee, kompyuta ndivyo inavyosema." Akaenda zake. Alirudi mara ya pili, akapata jibu lile lile. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu. Mtoto akiniletea jibu lisilo sahihi sikuwa naiuliza kalamu yake. Nilimwuliza yeye."

Ndipo tulipokwenda masijala kutafuta jalada lake. Barua ya kuajiriwa ilikuwamo, imeanza kubadilika rangi: mwaka 1967. Katika kompyuta palikuwa na 1976. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana mahali, na aliyeziandika ni sisi, maana orodha ile yote ilipita mikononi mwetu. Tulisahihisha siku ile ile. Lakini katika barua ya kumwarifu tuliandika kwamba kulitokea "hitilafu ya kompyuta". Mwalimu aliisoma barua hiyo mbele yetu, akaikunja, akatabasamu, akasema, "Basi mnisalimie kompyuta." Alilipwa haki yake yote. Kweli yenyewe hakuisikia kwetu, na kabla hatujapata moyo wa kumfuata nyumbani kwake, alifariki dunia.

Miaka mingi baadaye, kijana mmoja aliyeletwa ofisini kwetu kuzihudumia kompyuta alituhadithia habari za Donald Knuth. Bwana huyu ni Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1938 katika mji wa Milwaukee, na alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1968 alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa juu ya sanaa ya kutunga programu. Neno "sanaa" alilichagua kwa makusudi. Alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1974, mwaka ule ule ambao sisi tulizifungia kompyuta mlango, hotuba yake ilikuwa ya kutetea kwamba kutunga programu ni sanaa, na kwamba programu inaweza kuwa na uzuri. Sisi tunaoshughulika na mashairi hatukuhitaji kushawishiwa sana. Lugha yetu yenyewe humwita mtu huyu mtunzi, jina lile lile tunalompa mwenye kutunga utenzi.

Lililotushika zaidi ni desturi yake juu ya makosa. Bwana Knuth alitangaza kwamba msomaji wa kwanza kuona kosa katika vitabu vyake atalipwa dola 2 na senti 56, yaani senti 256. Hesabu hiyo haikuokotwa. Watu wa kompyuta hupenda kuhesabu kwa mafungu ya 16 kama sisi tunavyohesabu kwa makumi, na 16 mara 16 ni 256. Msomaji Mswahili atashangaa kidogo hapa. Shairi letu la beti nne za tarbia lina mishororo 16, na kila mshororo una mizani 16. Ukizihesabu zote utapata 256. Mzee wa Kiswahili na mtaalamu wa Stanford hawakupata kuonana, lakini kila mmoja anajua kwamba ikipungua moja, kazi nzima inachechemea na mwenye sikio atasikia.

Hundi za Bwana Knuth zilienda duniani kote. Wengi waliozipata hawakwenda nazo benki. Walizitia katika fremu wakazitundika ukutani. Mwaka 2008, kwa sababu ya wezi wa hundi, aliacha kutoa hundi za kweli, akaanza kutoa hati za benki ya kubuni. Watu waliendelea kuzitafuta, kwa kuwa thamani yake haikuwa katika dola. Kila hati ilikuwa ni mtu mkubwa akimwambia mdogo: umeona nisichokiona, nami nakushukuru.

Maoni yake juu ya ufundi yanafuata njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970, alipoona juzuu yake moja inachapwa upya kwa herufi mbovu, hakulalamika tu. Aliiweka kando kazi ya vitabu, akatunga programu ya kupanga kurasa, iitwayo TeX, akidhani ingemchukua muda mfupi. Ikamla takriban miaka kumi. Mwaka 1984 alieleza kwamba programu inafaa iandikwe kama insha, isomwe kwanza na binadamu, ndipo itumiwe na mashine. Na mwaka 1977, alipowapelekea wenzake programu fulani, aliwaonya wajihadhari nayo, maana alikuwa ameithibitisha kwa hesabu tu, hajaijaribu. Hebu mwalimu na mwanafunzi walitafakari onyo hilo. Mtu aliyekwisha kuthibitisha kwa hesabu bado anasema huenda amekosea. Sisi tulikuwa hatujathibitisha lolote, tukamwambia mzee wa watu kwamba kompyuta ndivyo inavyosema.

Tena hakuwa mtumwa wa chombo alichokijua kuliko wengi. Tarehe 1 Januari 1990 aliacha kutumia barua za kompyuta, akataka wenye haja wamwandikie kwa posta, kwa sababu kazi yake ilihitaji utulivu wa muda mrefu.

Katika siasa, Bwana Knuth hakuwa kiongozi wa chama wala mhutubu wa majukwaani. Alisema pale ujuzi wake au dhamiri yake ilipomtaka aseme. Mwaka 1994 aliiandikia ofisi ya hataza ya Marekani kupinga utaratibu wa kuwapa watu haki ya kuzimiliki njia za msingi za kutunga programu. Alieleza kwamba kama mambo yangekuwa hivyo alipokuwa akiitunga TeX, huenda asingeweza kuikamilisha. TeX yenyewe aliitoa bure. Kwa mtu wa Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja hoja hii haina ugeni. Je, kama mtunzi mmoja wa zamani angevimiliki vina, na mwingine akaimiliki mizani, ni nani kati yetu angethubutu kutunga leo? Mali ya mtunzi ni shairi lake. Arudhi ni ya wote.

Kisha, majeshi ya nchi yake yalipoivamia Iraki mwaka 2003 na kuikalia, alitoa hadharani maswali. Aliuliza ni haki gani iliyoipa nchi yake ruhusa ya kuikalia nchi nyingine, na kama viongozi wakiitenda nchi yao mambo ya aibu, heshima yake inarudishwaje. Angalia kwamba alisema "nchi yangu". Hakujitoa katika taifa lake ili awe safi peke yake. Alifanya kwa taifa kama alivyofanya kwa vitabu vyake: alitafuta kosa ndani ya kitu anachokipenda.

Katika dini, yeye ni Mkristo wa madhehebu ya Kilutheri, na hupiga kinanda cha kanisani. Sisi tulilelewa chuoni, tukisoma juzuu mbele ya mwalimu wa Kurani, na imani yake si yetu. Lakini adabu yake tunaiheshimu. Alitaka kuisoma Biblia kwa namna ambayo isingempa nafasi ya kuchagua maneno yanayompendeza tu, basi akachukua mstari wa kumi na sita wa sura ya tatu katika kila kitabu chenye mstari huo, akausoma kila mmoja kwa undani, akautafutia fasiri, akawaomba waandishi wa hati nzuri wauandike. Kitabu hicho kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1999 alitoa mihadhara katika taasisi ya MIT juu ya imani na kazi yake. Hakudai kwamba hesabu zimemthibitishia Mungu, wala hakuona kwamba kukosekana kwa thibitisho hilo ni hasara. Hakuandika ili awashinde wengine. Katika nchi yetu, ambayo Waislamu, Wakristo na wafuasi wa mila za wazee hukaa mtaa mmoja na kuzikana pamoja, mtu wa kusema imani yake kwa sauti ya namna hiyo tunamwelewa.

Sasa, mtu atauliza: je, lazima tuende hadi Marekani kujifunza unyenyekevu? Hapana. Hazina hiyo tunayo, ila tumeiacha kabatini. Watunzi wa tenzi za kale walikuwa na desturi ya kumaliza kazi zao kwa kuwaomba wasomaji radhi, na kuwataka wenye ujuzi wayaondoe makosa watakayoyaona. Mtunzi alitaja jina lake ili ijulikane nani wa kuulizwa. Na mwaka 1962, taifa letu likiwa changa kabisa, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Jina peke yake ni somo. Hakusema "tuwasahihishe".

Kuna jibu ambalo vijana wa ofisini hutupa, nalo si la kupuuzwa. Husema kwamba profesa mwenye kiti cha kudumu anaweza kukiri makosa na kuyalipia, lakini karani akikiri atapoteza kibarua. Ni kweli, na hofu hiyo tunaijua, maana ndiyo iliyotuandikia maneno "hitilafu ya kompyuta". Kwa sababu hiyo mzigo wa kwanza uko kwa wakubwa. Mkuu wa ofisi anayemkaripia mwenye kukiri hufundisha ofisi nzima kuficha, na kosa lililofichwa halimdhuru mkubwa wala karani. Humdhuru mzee aliyekaa kwenye benchi akingojea haki yake. Kosa lile letu lingekuwa dogo sana kama lingetajwa siku ya kwanza. Lilikua kwa safari tatu za mtu mzima juu ya basi.

Walimu nao wana uwezo mkubwa kuliko wanavyofikiri. Mwanafunzi akiona kosa ubaoni, mwalimu ana njia mbili: kumnyamazisha, au kumwita mbele alisahihishe na darasa limpigie makofi. Makofi hayo ndiyo senti 256 zetu. Mtoto aliyeyapata hatakuwa karani wa kusema mashine imekataa. Na leo, ambapo mashine hutoa majibu kwa wepesi kuliko wakati wowote uliopita, tunawahitaji watoto wa namna hiyo kuliko tulivyowahitaji mwaka 2001.

Sisi tumebakiwa na miaka michache ya utumishi. Kila orodha itokayo mezani kwetu tunaiandika jina letu chini, pamoja na maneno ya kumtaka mwenye kuona kosa atujie sisi. Si malipo ya deni la yule mwalimu. Deni hilo halina tena wa kulipokea. Na makala haya pia, kama mna tarakimu iliyobadili mahali au neno lisilokaa sawa, tusahihisheni bila kuogopa. Tunamaliza kwa ubeti mmoja, ambao mizani zake tumezihesabu mara mbili:

Kosa lako likitoka, ulikiri hadharani,
Usiseme limezuka, mashine ndiyo mhuni,
Mkono ulioweka, ndio uondoe ndani,
Mtu husahihishika, akikubali mizani.