Wingi wa Watajao si Ushahidi

Wazazi wenzetu, leo twapenda kuwasimulia kosa tulilolitenda sisi wenyewe, ili wengine wajihadhari nalo.

Kazi yetu ni kusomesha chuoni, na elimu yetu ni ya Kurani na ya shule ya msingi. Siku moja mama wa mwanafunzi wetu alitujia, akasema: "Maalim, nasikia chanjo ya surua huwatia watoto usonji. Huyu mdogo nimpeleke, au nisimpeleke?"

Hatukupenda kujibu kwa kubahatisha. Tulimwita kijana wetu, naye akafungua katika simu yake Google Scholar, chombo kilichoanzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya kutafutia makala za wataalamu. Akaandika maneno machache ya Kiingereza, na mara ikatokea makala ya mwaka 1998 ya Andrew Wakefield na wenzake, katika jarida la The Lancet la Uingereza. Chini yake palikuwa na hesabu ya maandishi yaliyoitaja, nayo ilikuwa ya maelfu. Tukajisemea: neno lililotajwa na maelfu ya wataalamu haliwezi kuwa bure. Tukamwambia yule mama angoje kwanza.

Jioni binti yetu, ambaye ni muuguzi, alipopata habari hiyo alituuliza kwa adabu: "Baba, je, Hadithi huwa sahihi kwa wingi wa vitabu viitajavyo?"

Tukanyamaza, kwani hilo ndilo tuwafundishalo wanafunzi wetu. Ibn al-Jawzi alikusanya kitabu kizima cha Hadithi za kutungwa, wala hakuzitaja ili zifuatwe, bali ili watu wajiepushe nazo.

Basi binti akaibonyeza ile hesabu, akatusomea maandishi yale moja baada ya jingine. Mengi yalikuwa ya kuikanusha makala ile. Yenyewe ilieleza habari za watoto 12 tu, na jarida lililoichapa liliifuta mwaka 2010. Kisha akachagua miaka ya karibuni, ukatokea utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto 657,461. Haukuona kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela yazidisha usonji.

Hapo tulifahamu kwamba chombo kile hukusanya, hakihukumu. Huweka pamoja makala, vitabu na tasnifu za wanafunzi, zilizo madhubuti na zilizo dhaifu. Kupima ni juu ya msomaji: nani kaandika, lini, kwa ushahidi gani, na waliokuja baada yake wamesemaje. Na makala ikiwa imefungwa kwa malipo, yafaa kutazama nakala zake nyingine, kwani huenda mojawapo ikasomeka bure.

Asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, tulikwenda kupiga hodi kwa yule mama, tukamwambia: "Jana tulikosea. Mpeleke mtoto." Alitutazama kitambo, kisha akasema: "Maalim, ahsante kwa kurudi." Siku ile ile mtoto alichanjwa.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuipeleleza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tulikuwa tukiisomesha aya hiyo miaka mingi, tukidhani yawahusu wengine. Mwenyezi Mungu atusamehe, na atujaalie kuuliza kabla ya kufutu. Amin.