Chakula cha Wamarekani na Asili Yake

Watu wengi wa Nairobi na Mombasa wakisikia habari za chakula cha Wamarekani hufikiri mara moja juu ya hambaga, kuku wa kukaanga na soda. Si kosa kubwa, maana vyakula hivyo ndivyo vilivyosafiri mbali. Mwaka 1948 ndugu wawili wa jamaa ya McDonald, katika mji wa San Bernardino huko California, walifunga mkahawa wao, wakapunguza aina za vyakula, wakazipanga kazi za jikoni kama kazi za kiwandani, kisha wakafungua tena. Na tangu siku hizo hambaga imekwenda pande zote za dunia. Lakini kumpima Mmarekani kwa hambaga ni sawa na kumpima Mkenya kwa chipsi. Chakula cha njiani hakionyeshi watu wanapika nini nyumbani, wala hakielezi kwa nini mtu wa Maine na mtu wa Louisiana, wenye serikali moja na bendera moja, hawana chungu kimoja.

Nchi ile ni kubwa kuliko Kenya zaidi ya mara 16. Kaskazini mashariki kuna baridi kali na bahari yenye samaki. Kusini kuna joto na vinamasi. Katikati ni nyika pana za ngano, mahindi na ng'ombe. Kusini magharibi ni jangwa. Haiwezekani watu wa mahali pote hapo wale namna moja. Hata hivyo hali ya hewa si sababu pekee, wala si sababu kubwa. Chakula cha Marekani, jimbo kwa jimbo, kimetokana zaidi na hali za watu: nani alikuwa na ardhi, nani alinyang'anywa, nani aliletwa kwa minyororo, na nani alikuja kwa hiari yake. Anayetaka kuzifahamu habari hizo na aanze na mahindi.

Mahindi ni mmea wa Amerika. Watu wa kale wa Mexico waliyapata kwa kulima na kuchagua mbegu za majani ya porini, yapata miaka 9,000 iliyopita, na mbegu ikaenea kaskazini kutoka kabila hadi kabila. Wairoquois walipanda mahindi, maharagwe na maboga katika tuta moja, wakaiita mimea hiyo dada watatu. Bua la mhindi hubeba maharagwe yanayotambaa, na majani mapana ya mboga huufunika udongo usikauke wala magugu yasiote. Mkulima wa Nyeri au wa Machakos hahitaji kuelezwa zaidi. Huko pwani ya kaskazini mashariki wenyeji walichemsha mahindi na maharagwe pamoja, na Waingereza waliofika katika karne ya 17 wakakipenda chakula kile, wakakiita succotash, neno walilolitwaa kwa Wanarragansett. Mtu wa Kiambu akiandaliwa succotash atasema hii ni githeri, na hatakuwa amekosea sana, ingawa pengine atashangaa kuona imetiwa siagi.

Kulikuwa na ujuzi mwingine ambao wenyeji wale walikuwa nao. Mahindi makavu waliyapika katika maji yaliyotiwa majivu ya kuni, au chokaa kwa wale wa Mexico, mpaka maganda yakatoka na punje zikavimba. Kisha wakayaosha, wakayala hivyo au wakayasaga. Mkamba huyatoa maganda kwa kutwanga kinuni ili apate muthokoi. Mmarekani wa asili aliyatoa kwa majivu. Kwa macho kazi ni moja. Kumbe ndani ya punje kulikuwa na tofauti kubwa, ambayo wataalamu hawakuijua mpaka karne ya 20. Katika mahindi makavu kuna vitamini iitwayo naiasini, lakini imefungika hata mwili hauwezi kuitumia. Majivu au chokaa huifungua. Wazungu waliokuja waliichukua mbegu ya mahindi kwa furaha, na baadhi yao wakajifunza pia kupika kwa majivu. Lakini unga wao wa kila siku ulisagwa bila majivu. Jambo hili lisisahauliwe, maana malipo yake yalikuja baadaye.

Majimbo ya Kusini ndiyo yenye mapishi yanayosifiwa kuliko yote katika Marekani, na mikono iliyoyapika ilikuwa zaidi mikono ya Waafrika. Huko South Carolina utajiri wa mpunga ulitokana na jasho na maarifa ya watumwa, wengi wao wakiwa wametoka pande za Sierra Leone na Gambia, ambako mpunga ulilimwa tangu kale. Kunde, bamia, ufuta na matikitimaji ni mimea ya Afrika iliyovuka bahari katika safari zilezile za huzuni. Wali uliopikwa pamoja na kunde huliwa Kusini siku ya mwaka mpya ili kuvuta bahati njema. Katika Louisiana chakula kikuu cha fahari ni gumbo, mchuzi mzito wa kamba, kuku au soseji, unaomiminwa juu ya wali; na jina hilo latokana na lugha ya Kibantu ya Angola, ambamo bamia huitwa ki ngombo. Unga wa ngano uliokaangwa katika mafuta ni desturi ya Wafaransa. Unga wa majani makavu ya mti wa sassafras ulitoka kwa Wachoctaw. Watu watatu wasiopatana wamekutana katika sufuria moja.

Sifa ya mapishi hayo haikuwafikia wapishi wenyewe. Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais baadaye, alimchukua mtumwa wake James Hemings mpaka Paris mwaka 1784 ili ajifunze upishi wa Kifaransa. Hemings alijifunza hata akawa bingwa. Aliachwa huru mwaka 1796, lakini kwanza ilimpasa amfundishe ndugu yake Peter kazi ile, ili jiko la bwana lisikose mpishi. Na Peter akabaki mtumwa.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu weusi wengi, na Wazungu maskini pia, hawakupata ardhi. Walilima shamba la mwenye mali wakagawana naye mazao, na zao lenyewe lilikuwa pamba. Pamba ilipandwa mpaka mlangoni mwa nyumba, hata nafasi ya bustani ya mboga au zizi la ng'ombe wa maziwa ikakosekana. Chakula kilikopwa katika duka la mwenye shamba mpaka wakati wa kuuza pamba, na duka lilikuwa na vitu vitatu: unga wa mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe ya chumvi. Watu wakala hivyo asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Tena mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuja mashine mpya zilizoondoa kiini cha punje ili unga usioze upesi, na unga ukazidi kuwa mweupe na kuzidi kuwa mtupu.

Ndipo ulipoenea ugonjwa wa pelagra. Mgonjwa hubabuka ngozi ya mikono na shingo palipopigwa na jua, huhara, akili humpotea, na mwisho hufa. Kwa muda wa miaka kama 40 ya mwanzo wa karne ile watu wapatao milioni 3 waliugua, na zaidi ya 100,000 wakafa, katika nchi ambayo tayari ilikuwa miongoni mwa nchi tajiri za dunia. Madaktari wengi walisema ni ugonjwa wa kuambukiza, au ni uchafu wa maskini. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Daktari Joseph Goldberger akauchunguze. Yeye aliona jambo ambalo wengine walilitazama wasilione: katika nyumba za mayatima na hospitali za wenye wazimu walikuwa wakiugua waliotunzwa, lakini watunzaji wao hawakuugua. Akaagiza mayatima wapewe maziwa, mayai, nyama na maharagwe, na ugonjwa ukatoweka. Mwaka 1915 wafungwa 11 wa Mississippi, walioahidiwa msamaha wa gavana, walikubali kulishwa chakula cha maskini wa Kusini. Baada ya miezi michache 6 kati yao walionyesha dalili. Waliompinga hawakuridhika. Basi mwaka uliofuata daktari huyo na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa na kumeza uchafu wao, na mke wake naye akakubali kudungwa damu ile. Hakuna aliyepata pelagra.

Ushahidi ulikuwa wazi, lakini dawa ilikuwa ngumu kwa wakubwa, kwa sababu dawa ilikuwa bustani, ng'ombe na mshahara. Mwaka 1921 Rais Harding alipotaja njaa na pelagra katika Kusini, viongozi wengi wa huko walikasirika wakasema nchi yao inatukanwa. Goldberger alikufa mwaka 1929 bila kuijua ile vitamini. Ilitambuliwa mwaka 1937 na Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na baadaye ikaanza kutiwa katika unga viwandani. Pahali pengine msaada ulitoka kwa mdudu. Fukusi wa pamba alipoharibu mashamba ya Alabama, wakulima walilazimika kupanda karanga na vyakula vingine, wakapata nafuu hata mji wa Enterprise ukamjengea mdudu yule mnara wa kumbukumbu mwaka 1919.

Hata katika dhiki ile wapishi wa Kusini walijua la kufanya. Majani ya jamii ya sukuma wiki yalichemshwa polepole na kipande cha nguruwe, na maji yake hayakumwagwa. Yalinywewa, au mkate wa mahindi ulichovywa humo. Mkate huo kwa desturi ni wa mahindi meupe. Mahindi ya manjano, ambayo Wakenya waliyala shingo upande wakati wa ukame wa mwaka 1984, hata mzee wa Kusini huenda akayakataa. Sehemu kubwa ya mahindi ya Marekani ni ya manjano, nayo hulishwa mifugo au hufanywa mafuta ya magari.

Katika majimbo mengine habari ni fupi zaidi. Boston ina maharagwe yaliyopikwa na molasi usiku kucha wa Jumamosi, kwa sababu Wapuritani hawakupika siku ya Bwana. Maine ina kamba-koche. Nyama ya kuchoma ina madhehebu yake, na wafuasi wake hubishana kama watu wa dini: North Carolina ni nguruwe na siki, Texas ni ng'ombe kwa chumvi na pilipili, Kansas City ni mchuzi mzito wenye utamu. Mkenya anayejua nyama choma atakuwa upande wa Texas. Na New Mexico hula pilipili na mahindi kama Mexico, kwa kuwa ilikuwa Mexico mpaka vita vilivyokwisha mwaka 1848; watu hawakuhama, mpaka ndio uliohama.

Kuna chakula kimoja ambacho wenyewe hawakubaliani juu yake. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwatoa Wanavajo katika nchi yao, likawatembeza kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo. Mahindi yao yalichomwa, miti yao ya matunda ikakatwa. Huko wakapewa posho ya unga wa ngano, chumvi na mafuta ya nguruwe, na akina mama, wakiwa hawana kingine, wakakanda unga ule na kuukaanga katika mafuta, mfano wa mandazi bapa. Mkate huo ukaenea kwa makabila mengi, na mwaka 2005 jimbo la South Dakota likaufanya mkate rasmi wa jimbo. Baadhi ya wenyeji huupika katika kila sherehe, wakisema ndio uliowaokoa bibi zao. Wengine hawataki kuuona, wakisema ni chakula cha kifungoni, na kwamba kisukari kimewajaa kwa sababu ya posho kama hizo.

Mmoja wa hao wa pili ni Sean Sherman, mpishi wa kabila la Oglala Lakota. Mwaka 2021 alifungua mkahawa uitwao Owamni katika mji wa Minneapolis, kando ya maporomoko ya mto Mississippi. Hakuweka humo ngano, wala sukari ya miwa, wala maziwa, wala nyama ya ng'ombe, nguruwe au kuku, maana hayo yote yaliletwa na wageni. Aliweka nyama ya nyati wa Amerika, samaki, maboga, maharagwe, na mahindi yaliyopikwa kwa njia ile ya zamani mpaka maganda yametoka. Mwaka uliofuata mkahawa huo ulipewa tuzo ya James Beard ya mkahawa mpya bora kuliko yote katika Marekani.