Baba, mwana na pikipiki moja

Je, ndugu msomaji, umewahi kukaa na mwanao siku 17 mfululizo, usiku na mchana, bila televisheni, bila wageni na bila kisingizio cha kazi? Wazazi wengi tungeapa kwamba tunawajua watoto wetu. Lakini tukitiwa pamoja nao safarini, yamkini tungegundua kuwa tunachojua ni majina yao, shule wanayosomea na saizi ya viatu vyao.

Mwezi Julai mwaka 1968, mzazi mmoja alijitia katika mtihani huo. Robert Pirsig, Mmarekani aliyekuwa na umri wa miaka 39, alimpakia mwanawe Chris, mtoto wa miaka 11, nyuma ya pikipiki yake. Waliondoka mji wa Minneapolis, katikati ya Marekani, wakaelekea magharibi hadi San Francisco, ukingoni mwa bahari ya Pasifiki. Hata kwa njia ya mkato, huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000. Kama kutoka Mombasa hadi Nairobi mara sita. Nao hawakufuata njia ya mkato.

Usidhani walipanda dude kubwa la kutisha. Ilikuwa Honda Super Hawk ya sisi 305. Ni kweli inazishinda bodaboda zetu, ambazo nyingi ni za sisi 100 hadi 150, lakini kwa safari ya kuvuka nusu ya bara, ikiwa na watu wawili, hema na mizigo, hiyo ni pikipiki ndogo.

Kutoka tambarare hadi theluji

Siku za kwanza ni za tambarare tupu. Njia inapita kwenye vinamasi vya Minnesota, kisha mashamba na malisho ya Dakota, ambako macho huchoka kutafuta kilima. Wanavuka mto Missouri na kuingia jimbo la Montana. Mvua inawanyeshea, jua linawachoma. Pamoja nao wako mke na mume, marafiki wa Pirsig, juu ya pikipiki yao aina ya BMW.

Hapo pana kisa kinachosimuliwa hadi leo. Usukani wa ile BMW ulilegea. Pirsig, mtu aliyezoea kujifungulia injini na kukagua vali, plagi na cheni mwenyewe, akamwambia rafikiye kwamba kipande chembamba cha bati la mkebe wa bia kingetosha kuziba ule mwanya. Rafiki alichukizwa. Pikipiki ya bei kama ile itiwe kipande cha mkebe! Fundi yeyote wa jua kali angecheka, kwa sababu anajua kuwa chuma hakiulizi bati limetoka wapi, bali huuliza kama linakaa sawasawa.

Baada ya mji mdogo wa Red Lodge, barabara inaanza kupanda milima ya Beartooth kwa kona baada ya kona, hadi zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Huko theluji huonekana kando ya lami hata mwezi wa Julai. Kutoka huko wanapita mbuga ya Yellowstone, kisha wanafika Bozeman, ambako wale marafiki wawili wanageuza na kurudi kwao. Sasa wamebaki baba na mwana.

Mgongo wa baba

Hapa ndipo safari inapokuwa ngumu, wala si kwa sababu ya barabara. Bozeman ndiko Pirsig alikokuwa akifundisha chuoni kabla ya kuugua akili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alilazwa hospitalini na kutibiwa kwa kupitishiwa umeme kichwani. Alipotoka alikuwa mtu mwingine, na Chris, aliyekuwa mdogo wakati huo, hakuwahi kuelezwa vizuri ni nini kilichompata babake.

Mtoto huyo anaumwa tumbo mara kwa mara. Analia, ananuna, anakataa chakula. Wanapanda mlima kwa miguu karibu na Bozeman, lakini karibu na kilele baba anaamua warudi kwa kuhofia maporomoko ya mawe. Mtoto anavunjika moyo. Safari inaendelea kupitia Idaho na nchi kavu ya Oregon, hadi Crater Lake, ziwa lenye kina cha mita 594 ndani ya mlima uliobomoka zamani. Hata uzuri huo hauwafurahishi.

Fikiria, msomaji. Mtoto anayekaa nyuma ya pikipiki haoni mbele. Kwa siku nyingi Chris aliona kitu kimoja tu: mgongo wa babake. Maneno nayo hupeperushwa na upepo. Ni watoto wangapi katika nyumba zetu wanaolelewa hivyo, karibu sana na mzazi, lakini upande wa mgongoni?

Mwishowe, kwenye pwani ya California, yule mtoto aliuliza alichokuwa amekibeba kifuani: je, baba, ulikuwa mwendawazimu kweli? Baba akajibu kuwa hapana. Mtoto akasema alikuwa akijua hivyo tangu zamani. Kulingana na kitabu cha Pirsig, baada ya maneno hayo machache Chris alisimama juu ya vikanyagio, akachungulia juu ya bega la babake, na kwa mara ya kwanza akaiona barabara iliyokuwa mbele yao.

Yaliyofuata

Kitabu hicho, *Zen and the Art of Motorcycle Maintenance*, kilikataliwa na wachapishaji 121 kabla ya kutolewa mwaka 1974. Kikauzwa nakala mamilioni. Lakini dunia haina huruma. Mwaka 1979, Chris aliuawa kwa kuchomwa kisu na wanyang'anyi katika mji uleule wa San Francisco, akiwa na miaka 22. Babake aliishi hadi mwaka 2017. Pikipiki yao sasa ni mali ya makumbusho ya historia ya Marekani mjini Washington.

Ukivutiwa kumpakia mwanao kwa safari, anza na ya karibu. Kila mmoja avae helmeti inayomtosha, hiyo ni sheria ya Kenya. Abiria awe mmoja tu, naye miguu yake ifike vizuri kwenye vikanyagio. Kagua breki, cheni na upepo wa magurudumu kabla ya kuondoka, na usiendeshe usiku.

Na kama huna pikipiki, usihuzunike. Hata kutembea kwa miguu hadi sokoni kunatosha. Wahenga walisema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Kuna swali ambalo mwanao amelibeba kwa miaka. Tafuta mahali patulivu, mgeukie, umpe nafasi ya kuliuliza wakati nyote wawili mngalipo.