Foklifti Si Lori

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeuza matairi yasiyojazwa upepo, hapa Mombasa, kwa wenye magodauni ya Shimanzi na Changamwe. Tairi hili ni mpira mtupu kutoka kwenye rimu hadi juu: chini mpira mgumu wenye waya za chuma ndani yake, katikati mpira laini wa kumeza mishtuko, juu ule unaokanyaga sakafu. Halipati pancha. Kwa mtu ambaye foklifti zake hushinda juu ya misumari na vyuma chakavu, maneno hayo mawili yalitosha kumfanya atoe hundi.

Kigumu kilikuwa kumweleza habari ya joto. Kila tairi linapozunguka, mpira hubanwa na mzigo kisha huachiwa, na si nguvu yote iliyoubana inayorudi. Nyingine hugeuka joto. Mpira nao haupitishi joto upesi, basi linajilimbikiza katikati. Likizidi, ule mpira uliopikwa kwa salfa kiwandani huanza kuharibika kwa ndani, ukalainika na kunata kama lami, huku nje tairi likionekana jipya. Hatimaye hupasuka ubavuni.

Kwa hiyo kabla ya kuuza mzigo mkubwa nilitaka tujaribu kwanza, kwenye njia yao na kwa shehena yao. Nilitoboa tundu jembamba kwa keekee hadi karibu na moyo wa tairi, la mbele daima, maana foklifti ikibeba, uzito karibu wote huwa mbele. Gari likisimama nachomeka kipimajoto cha sindano, nasoma, nachomoa, linaondoka. Kile cha bastola watu walikipenda kwa taa yake nyekundu, lakini husoma ngozi tu.

Ngozi yenyewe ina vituko. Gari likishasimama, huzidi kupata joto kwa muda, kwa sababu la ndani linatoka na hakuna tena upepo wa mwendo wa kulipoza. Madereva hawakukubali. "Fundi, wewe wapima jua," mmoja aliniambia. Nikamwomba aegeshe ndani ya godauni. Joto likapanda vile vile, naye akaanza kutafuta dirisha la kulaumu.

Meneja mmoja alitaka foklifti zipeleke shehena moja kwa moja hadi yadi ya mbali, mwendo wa mfululizo, kwa kuwa kukodi trela ni gharama. Matairi haya mengi hupimiwa mzigo kwa mwendo usiozidi kilomita 25 kwa saa, na hata huo una mapumziko yake. Nikamwambia foklifti si lori. Hakunisikiza. Tairi lilipopasuka akalirudisha akidai ni ubovu wa kiwanda. Tukalikata kwa msumeno mbele yake: harufu ya mpira ulioungua ikajaa karakana, na kidole kilizama katikati. Aliguna, akauliza bei ya kukodi trela.

Seti nyingine alinunua kwangu, baada ya majaribio safari hii. Tulipofika kwenye ankara akaomba punguzo kwa tairi moja. Nikamuuliza sababu.

"Si umelitoboa wewe mwenyewe, mzee?"